Tumbo Langu Halitaki Kuhesabiwa

“Kwa hivyo umelipa shilingi 2,500 ukaenda kunywa supu?”

Hilo ndilo swali aliloniuliza mama watoto Jumapili ile jioni, na mpaka leo sijalipatia jibu. Kulipa nililipa. Na supu niliinywa.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kula. Sijisifu, ni kama vile mwingine alivyozaliwa mrefu. Kwetu Vihiga, nikiingia matangani, akina mama wa jikoni huangaliana. Siku moja nilimsikia mmoja akinong'ona, “Yule wa Kisumu amefika, ongezeni maji kwenye mchuzi.” Shemeji yangu naye hana adabu, aliniuliza mbele ya wazee: “Wewe ulikuja kulia au kula?” Nilimjibu kwamba hizo kazi mbili zimetofautiana herufi moja tu, na mimi si mtu wa kubagua herufi.

Sifa yangu ilikaa huko huko kwenye mazishi, harusi na sherehe za kumpokea mtoto wa jirani aliyehitimu. Mimi hapa Kisumu nauza vipuri vya bodaboda pale Kibuye, mchana nakula ugali na omena kibandani, jioni narudi Manyatta. Nilikuwa sina shida na mtu. Shida ililetwa na kijana wa duka la jirani na simu yake.

Kumbe huko Marekani kula ni kazi! Kila tarehe 4 Julai, siku yao ya uhuru, umati hukusanyika Coney Island, New York, nje ya mkahawa wa soseji unaoitwa Nathan's, kuangalia watu wazima wenye akili zao wakishindana kumeza soseji pamoja na mikate yake kwa dakika 10. Bingwa wao anaitwa Joey Chestnut. Mwaka 2021 alimeza 76. Na mikate yote 76! Mshindi huvishwa mkanda kama wa bondia, rangi ya haradali. Niliposikia mkanda nikaushika wangu, ambao umebakiza tundu moja.

Kabla yake alikuwapo Mjapani mmoja mwembamba, Takeru Kobayashi. Alitua pale mwaka 2001, rekodi ikiwa 25 na ushee, wakati huo wakila kwa dakika 12. Akala 50. Wale wa kuinua vibao vya namba wakaishiwa na vibao, wakaanza kuandika namba kwa mkono. Siri yake ilikuwa ndogo tu: soseji anaivunja katikati, anasukuma vipande viwili kwa mpigo, mkate anauchovya kwenye maji, anaukamua, unateremka bila kuuliza njia. Hilo la kuchovya maji lishikeni, tutalirudia, kwa maana ndilo lililoniaibisha.

Aliyenitoa jasho hasa ni mama mmoja, Sonya Thomas, mzaliwa wa Korea Kusini, kilo zake hazifiki 50. Mwaka 2003 alikula mayai ya kuchemsha 65 kwa dakika 6 na sekunde 40. Nikapiga hesabu. Trei ina mayai 30. Hizo ni trei mbili na matano juu. Yule kijana anayeuza mayai na kachumbari pale stendi, akitoka asubuhi na ndoo ya mayai, huzunguka mpaka saa tatu usiku ndipo aimalize. Mama huyu angemfungia biashara kabla matatu ya Busia haijajaa.

“Lakini hao hufanya mazoezi,” yule kijana wa duka la jirani akaniambia. “Wanakunywa maji mengi mpaka tumbo linapanuka. Mwaka 2007 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walimpiga picha mmoja wao akiwa anakula. Wakakuta tumbo halisagi chakula kama letu, linazidi kufunguka tu kama mfuko uliolegea.”

Nikajipapasa. Langu limelegea tangu mwaka wa harusi. Mazoezi ya nini?

Hata hivyo akanishauri nianzie bafe. Kuna hoteli moja kule Milimani, jina naliacha, ambayo Jumapili mchana unalipa 2,500 halafu unakula mpaka wewe mwenyewe uombe msamaha. Nikaona hiyo ni ofa ya mjinga. Mtu kama mimi unamfungulia mlango kwa bei moja? Nilianza hata kuwahurumia wenye hoteli. Jumamosi sikula cha mchana, sikula cha usiku, Jumapili nikanywa chai kavu. Kanisani nilisikia mahubiri yote kupitia tumboni.

Sasa nisikilizeni, niwaeleze jinsi bafe inavyomla mtu.

Ukiingia, hauonyeshwi nyama. Unakaribishwa kiti, unawekewa supu ya uyoga na mikate midogo iliyotoka jikoni sasa hivi, ina moshi, na siagi imekunjwa kama ua. Mtu ana njaa ya siku nzima! Nilikula mikate minne. Mhudumu, msichana mwenye heshima kweli kweli, akaja, “Niongeze, baba?” Nikasema ongeza, mwanangu. Nilidhani ananipenda.

Ndipo nikaenda kwenye foleni. Sahani zao ni ndogo, zinatosha kikombe na kisahani chake. Cha kwanza ni majani. Kisha viazi. Kisha viazi vingine vilivyopewa jina tofauti. Wali mweupe, wali wa nazi, pilau, tambi, chapati zilizokatwa pembe tatu tatu kama bahasha. Yote haya unajipakulia mwenyewe, kijiko kikubwa, hakuna anayekutazama. Ukifika mwisho wa meza, sahani imejaa na mkono umechoka, hapo sasa ndipo unakuta mbuzi. Na mbuzi ana mlinzi! Jamaa wa kofia ndefu nyeupe ameshika koleo. Wali hauna askari, mbuzi ana askari.

“Kipande kimoja, mzee?”

“Kimoja kwa nini?”

“Unaweza kurudi.”

Kurudi! Hapo ndipo wanapokumalizia. Safari ya kwanza ya kurudi ni sawa. Ya pili unajifanya unatafuta chumvi. Ya tatu jamaa alinipigia saluti ya koleo akasema kwa sauti, “Karibu tena, mzee wetu!” Meza ya wachumba ikageuka. Meza ya watu wa semina ikageuka. Nilichukua kipande changu nikapita kando ya ukuta kama mtu aliyechelewa misa.

Na hata hicho sikukimaliza. Kitu cha ajabu kilinitokea. Nilianza kugawanya. Nikiinua tonge la pilau najiuliza, hili ni la shilingi ngapi? Kama nitakula matonge 50, kila moja ni shilingi 50. Kwa shilingi 50 pale Kibuye napata chapati mbili na chai. Tonge likakwama. Nikainua lingine, hesabu ikaja nalo. Jamani, tumbo langu likafunga! Matangani linapokea kama bandari, hapa limelipiwa, limevalishwa kitambaa, likakataa. Kwenye meza ya jirani kulikuwa na mama mwenye kofia ya kanisa, ameweka mbele yake vipande vitatu vya nanasi na maji. Naye amelipa 2,500 zile zile. Nikaelewa kwamba hoteli hainiogopi mimi hata kidogo. Hoteli inaishi kwa huyo mama, na siku hiyo wote wawili tulikuwa huyo mama.

Nilijaribu kuokoa kitu. Nikafunga paja la kuku kwenye kitambaa, nikatia mfuko wa koti. Nilifika mlangoni. Yule msichana wa heshima akanifuata mbio, akanong'ona, “Samahani baba, kuku ni sawa, lakini kitambaa ni chetu.” Nikabaki nimesimama Milimani na paja la kuku mkononi, mafuta yanachuruzika kwenye saa, nikisubiri bodaboda.

Mtu mwenye akili angeachia hapo. Lakini wiki mbili baadaye hoteli mpya, hizi zetu za mabati na sufuria, ilifunguliwa kule Mamboleo. Wakaleta spika na emsii, wakatangaza shindano: kiingilio 300, ugali dakika 10, kitoweo ni chaguo lako, zawadi jogoo. Na jogoo mwenyewe yuko pale amefungwa mguu kwenye kiti, anatukagua mmoja mmoja. Sisi Waluhya mkituwekea jogoo mbele hatuna tena uhuru wa kuamua.

Tulikuwa watano. Bodaboda wawili, kijana wa mazoezi ya viungo mwenye fulana ya kubana, mimi, na mzee mwembamba mwenye miwani, alisema ni mwalimu mstaafu kutoka Seme. Vipande vya ugali vilikuwa sawa na tofali la kuchoma, na moto vile vile. Emsii akapita kuuliza vitoweo. Bodaboda wakasema matumbo. Fulana akasema nyama choma, nikajua huyo amekwisha, kwa maana nyama choma ni kazi ya taya, huwezi kuharakisha ukiwa na mbavu mdomoni. Mimi nikasema mbuta, yule samaki wengine humwita sangara. Mnaona nilivyowaza? Ngege, yaani tilapia, ana miiba, na mwiba wa ngege haujali kama uko mashindanoni. Mbuta ni mnofu mtupu. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akasema, “Mimi niletewe apoth.”

Watu wakacheka. Emsii akacheka kwenye spika, Mamboleo yote ikasikia. Apoth! Hiyo ndiyo mrenda, ile mboga ya kuteleza. Mtu anakuja kushindania jogoo na mrenda?

Filimbi ikalia. Tofali la kwanza lilinichoma vidole mpaka nikaona jina langu la ubatizo. Soseji za Coney Island unashika tu unaingiza. Ugali lazima uumege, ufinyange, ubonyeze shimo la kidole gumba, uchote. Dakika mbili zilipita nikiwa bado napuliza. Na nyuma yangu kijana wa duka, meneja wangu wa kujitangaza, anapiga kelele: “Maji! Kobayashi! Chovya maji!”

Nikachovya. Nilimwaga jagi zima la maji baridi kwenye sahani, nikavuruga kwa mkono, nikainua, nikanywa. Wallahi ilishuka! Kipande cha pili kikashuka. Cha tatu kikashuka. Umati ukaanza kuimba. Hata jogoo alinyoosha shingo. Ndipo mama mpishi, ambaye ndiye aliyekuwa refa, akaja akiwa na mwiko bado mkononi. Akatazama sahani yangu. Akachovya kidole.

“Baba,” akasema, “mimi nilisonga ugali. Hiki ulicho nacho ni uji.”

“Mama, ni ugali ule ule, nimeulainisha tu.”

“Uji haushindani hapa.”

“Marekani inaruhusiwa!”

“Basi nenda ukachukue jogoo wa Marekani.”

Akafuta vipande vyangu vitatu. Vyote. Vilikuwa tumboni tayari, lakini ubaoni nikarudi sifuri. Nikaanza upya kwa mkono mkavu, huku kila nikimeza emsii anatangaza, “Mzee wa uji, moja!” na tumbo langu likasikia lile neno “moja”, likafunga duka. Kwetu hata ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa kidole, seuze matonge yake, tena kwa spika.

Mwalimu je? Mwalimu alikuwa haangalii mtu. Anamega, anafinyanga, anazungusha kwenye mrenda, anaachilia. Hatafuni. Nilimkazia macho nikahakikisha: taya halikusogea hata mara moja. Ule utelezi ulikuwa unafanya kazi ambayo Mjapani aliifanya kwa maji, na ugali ukabaki ugali halali. Alimaliza matofali matano, akanawa, akauliza kama kuna chai. Kisha akamfungua jogoo kwenye kiti, akamtia kwapani, akavuka barabara kwenda kutafuta matatu.

Nilifika nyumbani saa mbili na nusu usiku, nina njaa. Ndiyo, njaa, uji haukai. Nikamsimulia mama watoto kila kitu, nikitarajia pole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunua sufuria.

Mrenda. Na kunde kidogo, na magadi, kama anavyofanya mama yangu.

“Hii ndiyo ile uliniambia juzi umechoka nayo,” akasema. “Ukasema si chakula cha mtu wa mashindano.”

Sikujibu. Nilivuta kigoda, nikamega tonge, nikazungusha, nikaachilia. Likashuka lenyewe. Nikamega lingine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu nilikuwa nakula kwa amani, hakuna kofia ndefu, hakuna spika, hakuna aliyelipa. Nilikuwa nimezama kabisa nikasikia sauti kutoka upande wa jiko.

“Nne.”

“Mama watoto, tafadhali.”

“Kula tu, sijakukataza.” Ameketi, ameegemeza kidevu kwenye mkono, anatabasamu. “Tano.”

“Niache nile!”

“Tano na nusu, hiyo ilikuwa ndogo.”