Siyo kila vinavyocheza pamoja ni resonansi

Ukitaja tu vitu viwili vinavyotikisika kwa pamoja lazima atokee mtu aseme "hiyo resonansi bwana", mjadala umeisha. Simlaumu sana, resonansi wote tulifundishwa kwa mfano wa bembea, unasukuma kwa wakati wake inazidi kupanda. Ila kusinki, yaani vitu vyenye mwendo wake vyenyewe kurekebishana majira mpaka vikaenda pamoja, ni habari nyingine na watu wanaichanganya kila siku.

Chukua saa za Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi. Mwaka 1665 anaumwa, yuko ndani, anaona saa zake mbili za pendulamu zilizoning'inizwa kwenye boriti moja zinaenda pamoja ila kinyume, hii ikienda kushoto ile kulia, na hata akizivuruga baada ya kama nusu saa zimerudi vilevile. Sasa hapo nani anamsukuma nani? Kila saa ina nguvu yake, ihamishie chumba kingine itaendelea kugonga kama kawaida. Uzi wa gitaa unaotetemeka kwa sababu mwenzake amepigwa hauna nguvu yoyote ya kwake, mnyamazishe yule na huyu anakufa muda si mrefu. Kipimo changu ni hicho, tenganisha uone nani anabaki hai.

Halafu kuna hili ambalo kila nikilifikiria nacheka. Saa zikishakubaliana kwenda kinyume, misukumo yake kwenye boriti inafutana, boriti karibu itulie kabisa! Kwenye resonansi tunasubiri mtikisiko ukue, huku kilichoziunganisha ndo kinapoa. Na pendulamu hazijaanza kubembea kwa upana zaidi, kilichobadilika ni majira tu, iliyowahi imechelewa kidogo, iliyochelewa imewahi, mpaka zikakutana. Tena kuna mpaka, mwendo wa saa ukitofautiana sana hazisinki ng'o, wakati kitu cha resonansi kinamfuata anayekisukuma kwa mwendo wowote ule, tofauti ni kwamba nje ya mwendo wake wa asili (ule kinaotikisika nao kikiachwa chenyewe) kinatikisika kidogo.

Sawa, na wale wa "hiyo resonansi bwana" nao wana hoja. Millennium Bridge, daraja la waenda kwa miguu London, ilifunguliwa Juni 2000, ikayumba kushoto kulia ikafungwa baada ya siku mbili. Watu wengi (na mimi nilikuwemo) walisema watembeaji walisinki hatua zao. Lakini daraja lenyewe lilikuwa na mwendo wa asili karibu na mzunguko 1 kwa sekunde, bila hiyo lisingeyumba vile, na utafiti wa 2021 ulionyesha kila mtu akijitahidi tu asianguke anaweza kuliongezea daraja nishati hata kama hatua hazijalingana. Kwa hiyo pale kusinki huenda kulikuja baadaye, kama matokeo. Dawa waliyoweka ilikuwa vifaa vya kumeza mtikisiko, kama shokapu za gari, na wala haikuhitaji kujua nani alianza.