Dohani Isiyotoa Moshi

Ukipita Kinyerezi, Dar es Salaam, adhuhuri na kuzitazama dohani za mitambo ya umeme, moshi huuoni. Unachokiona ni hewa inayochezacheza kwa joto, kama ile inayopanda juu ya lami wakati wa jua kali. Kwa sisi tulioishi na mgao wa umeme, tukivuta moshi wa jenereta za dizeli kwenye kila baraza la duka, hiyo ni neema, na ni kweli kwamba gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay imetupunguzia masizi na salfa. Hata hivyo, nasikitika kila ninaposikia ikiitwa nishati safi, kana kwamba kisichoonekana hakipo.

Gesi hiyo, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, ikiungua hutoa hewa ukaa (kaboni dioksidi), ambayo hupasha dunia joto. Mtambo wa Kinyerezi I, wenye megawati 150, huacha joto la turbini zake lipotelee angani, ndiyo maana kila uniti ya umeme wake huambatana na takriban nusu kilo ya hewa ukaa; ikifanya kazi kwa nguvu zote, hizo ni kama tani 75 kila saa. Kinyerezi II hulinasa joto la turbini zake na kulitumia kuchemshia maji, kisha mvuke ukazungusha turbini nyingine, hivyo uniti ileile hupatikana kwa takriban kilo 0.4. Huo ni uhandisi wa kusifiwa. Lakini methani inayovuja kabla ya kufika kwenye moto haihesabiwi hapo, nayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa.

Linalonigusa zaidi ni mapafu ya majirani. Moto mkali wa turbini huunganisha naitrojeni na oksijeni zilizomo katika hewa yenyewe, hata fueli iwe safi namna gani, na oksidi zinazozaliwa huwasha njia ya pumzi na kuwasumbua hasa watoto na wenye pumu. Naomba vipimo vya oksidi hizo vibandikwe kila mwezi kwenye ofisi za serikali za mitaa inayopakana na mitambo, kwa lugha ambayo mama mwenye mtoto wa pumu ataielewa. Na kwa kuwa sasa tunalo bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, maji yakiwa ya kutosha, mitambo isiyonasa joto ndiyo ianze kuzimwa.