Vinasaba, Shajara na Bibi Asiyeandikwa

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya Pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara kati ya 1250 na 1800. Kwa wengi, nusu au zaidi ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, nayo iliingia hasa kwa upande wa mama. Iliyobaki ilitoka Asia: zaidi Uajemi, hasa kwa upande wa baba, pamoja na sehemu ndogo ya Uhindi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000, na asili ya Kiarabu ikaongezeka baada ya 1500.

Waliokuwa wakijiita Washirazi walishangilia, maana tarikh ya Kilwa, masimulizi ya kale ya mji huo, imesema kwa karne nyingi kwamba watawala wake walitoka Shiraz, Uajemi. Waliokuwa wakisema Mswahili ni Mwafrika tangu msingi nao walishangilia. Mimi naona habari kubwa ni akina mama. Shajara nyingi za Pwani, yaani orodha za nasaba, huenda baba kwa baba, fulani bin fulani bin fulani, mpaka Hadhramaut, Oman au Shiraz, na wanawake waliovizaa vizazi vyote hivyo hawamo. Maabara imewarudisha, ingawa bila majina. Na hata hapo tukumbuke kwamba makaburi yaliyochunguzwa mengi ni ya wenye nafasi zao. Mkulima na mtumwa hawakuzikwa kwenye makaburi ya mawe.

Sasa swali limeingia majumbani. Jamaa walio Mombasa, Unguja, Muscat na London wana makundi ya WhatsApp ya ukoo, na kila baada ya muda mmoja wao anapendekeza watu wateme mate kwenye vichupa, wavitume ng'ambo, wajue walikotoka.

Wanaotetea kipimo wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni utumwa. Mtu aliyeletwa Unguja kutoka upande wa Ziwa Nyasa alipoteza jina lake njiani. Alipewa jingine, Mabruki au Faraji, na alipoachwa huru mara nyingi alibaki akitajwa kwa ukoo wa bwana wake. Mjukuu anayefuata karatasi leo humfikia bwana akadhani amemfikia babu. Suria naye ana kisa chake. Sharia ilimpa mwanawe uhuru na haki sawa na za watoto wa mke wa ndoa, na hilo halikuwa jambo dogo, lakini ujombani kwa mtoto huyo kukafutika. Jilfidan, Mcherkesi aliyekuwa suria wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, tunamjua kwa sababu binti yake Salme alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Wangapi walikuwa na binti wa kuwaandikia? Vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtu huvipata kwa mama peke yake, mara nyingi ndivyo ushahidi uliobaki wa wanawake hao.

Hata hivyo kipimo kina mipaka ambayo matangazo hayaisemi kwa sauti. Asilimia zile hupatikana kwa kukulinganisha na watu ambao kampuni imekwisha kuwakusanya, na watu wa Afrika Mashariki humo ni wachache mno mbele ya wale wa Ulaya. Anayetafuta kijiji ataambiwa kanda. Tena kila kizazi hurithi nusu tu kwa kila mzazi. Ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na sehemu kubwa yao hawakukuachia hata kipande. Kinachostahili kuaminiwa zaidi ni orodha ya jamaa wa karibu waliojipima pia, inayotokea kwenye majibu, na kwa familia zilizotawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964 orodha hiyo ina thamani ya kweli.

Kisha kuna amani ya nyumba. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, na sharia yenyewe humhesabu mtoto kuwa wa ndoa aliyozaliwa ndani yake. Nasaba ni malezi, jina, urithi na heshima, wala si damu peke yake. Kipimo hakijui hayo. Mmoja akijipima, amewapima ndugu zake wote bila kuwauliza. Na siri zinazowekwa kwa kampuni huvuja: mwaka 2023 taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba, ziliingia mikononi mwa wadukuzi, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika, baadaye ikauzwa. Nywila hubadilishwa, vinasaba havibadiliki. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, inayoweka upimaji chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini kichupa kikishavuka bahari ni vigumu kukifuata.

Kwa hiyo naona wanaoanza na mate wameanza mwisho. Aanzwe bibi aliye hai, na aulizwe habari za wanawake: mama yake alizaliwa wapi, nani alikuwa walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, kwenye ndoa yake. Walii asipokuwa mtu wa damu, pengine hapo ndipo habari ya utumwa ilipojificha, maana aliyemwacha mtu huru aliweza kumsimamia katika ndoa. Ukiwa na jina na mji mkononi, ndipo Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani zinakuwa na faida: hati za wakfu, karatasi za mahakama, na madai yaliyotokana na amri ya 1897 iliyoruhusu watumwa kudai uhuru na mabwana kulipwa fidia. Walioangukia misheni, Bagamoyo kuanzia 1868 au Frere Town ya Mombasa kuanzia 1875, watafutwe kwenye vitabu vya ubatizo. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni ya bure na imerekodi masimulizi ya nasaba katika nchi kadhaa za Afrika. Miti ya ukoo ya intaneti isisomwe kama msahafu, kwa kuwa mmoja hukisia na mia wakanakili.

Kuna wanaokataa kipimo kwa kuogopa kuonekana wana wa watumwa. Hao sikubaliani nao hata kidogo: aibu ni ya aliyenunua mtu. Anayekataa kwa kumhifadhi mama yake aliye hai, huyo ana haki, na aachwe.

Ukoo ukishakubaliana, apimwe kwanza mkubwa kuliko wote aliye hai, kwa ridhaa yake, kwa sababu anabeba vipande vya mababu ambavyo wajukuu hawakuvirithi. Na kabla kichupa hakijafungwa, wakubaliane nani atayaona majibu, na yakifichua jambo lisilotarajiwa, nani ataambiwa kwanza.