Babu hakustahili kuogeshwa na mkwewe

Babu alipopooza upande wa kulia, kwetu Wete, Pemba, kikao cha familia kilimalizika kabla chai haijapoa: mama atamhudumia. Mama si mwanawe, ni mkaza mwana. Wajukuu wa kiume tulikuwa watatu nyumba ile ile, na hapana aliyetutaja.

Siku ya tatu nilimkuta babu kaushikilia msuli kwa ule mkono wake mzima, hataki kuuachia. Mama kasimama na ndoo ya maji ya vuguvugu, uso kaugeuzia ukutani. Nikampokea kitambaa. Tokea hapo kazi ikawa yangu.

Muuguzi mmoja alinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, mto katikati ya magoti, visigino visikandamizwe na godoro, ili asipate vidonda vya kulalia. Akanionyesha kumkalisha wima kabla ya kumpa uji, maana aliyepooza hupaliwa upesi. Nilidhani ni mambo ya siku mbili. Yalinichukua wiki kadhaa, na kiuno kiliniuma mpaka nilipojua kukunja magoti badala ya mgongo. Huu ni ujuzi kama useremala.

Barazani wenzangu waliniuliza: "Kwani kwenu hamna wasichana?" Swali hilo linaniuma hadi leo. Mwanamume akifa, wanaume tunajipanga kumwosha kwa sitara. Basi akiwa hai, ana macho na haya zake, tunamwachiaje mkwewe?

Wakubwa wanasema vijana hatuna huruma. Sikubali. Mabinti wa Pemba na Unguja wanapanda ndege kwenda Oman kwa kazi za ndani, na wapo wanaolea wazee wa watu huko, kwa sababu kule kuna mshahara. Huku mleaji anaambiwa Mungu atamlipa. Atamlipa, hilo naliamini, lakini naye ana watoto wa kusomesha. Pensheni jamii ya Zanzibar kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ilikuwa hatua kubwa. Nataka na anayemgeuza mzee huyo usiku wa manane afikiriwe: apewe mafunzo mafupi hapa hapa wilayani, cheti na malipo, na wavulana waitwe kwa majina.

Baba wa jirani yetu kaanguka mwezi uliopita. Jana jirani huyo kanitumia mwanawe wa kidato cha nne nimfundishe. Leo baada ya alasiri tunaanza na mto.