Mikono Kwanza, Kitabu Baadaye

Mpe riwaya mkulima wa Urambo, hapa mkoani Tabora, ambaye tumbaku yake imeshapimwa, marobota yameondoka na malipo hayajaingia. Atausoma mstari wa kwanza mara nne. Macho yatapita juu ya maneno, kichwa kitabaki kwenye deni la mbolea na ada ya mtoto. Mwalimu mwenye rundo la madaftari yasiyosahihishwa atafanya vivyo hivyo, na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku pia. Kisha kila mmoja wao atajiambia kwamba yeye si mtu wa vitabu.

Mimi nasema wanaanza na kitu cha pili. Kichwa kilichojaa hakipokei hadithi mpaka kwanza kipunguzwe, na cha kukipunguza haraka ni mikono. Fuma au suka nusu saa, halafu ndipo ufungue kitabu, na ikiwezekana kiwe cha mizimu au majini. Kwa nini mizimu, nitafika huko.

Kufuma kunasaidia kwa sababu ya hesabu. Chukua uzi wa sweta wa unene wa kawaida na sindano ya krosheti ya milimita 4. Uzi uwe wa rangi nyepesi, kwa maana kwenye uzi mweusi au wa bluu iliyokolea vitanzi havionekani, hasa jioni kwa taa ya sola, na anayejifunza asipoona vitanzi vyake huacha siku hiyohiyo. Wengi huchonga sindano kutoka kwenye spoku ya baiskeli, na Tabora spoku hazikosekani. Lakini spoku ina unene wa milimita 2 hivi. Inafaa kwa uzi mwembamba wa pamba wa vitambaa vya mezani. Kwenye uzi wa sweta inaupasua, inashika nusu na kuacha nusu. Ukiitumia, isugue ncha kwa msasa mpaka isikwaruze ukucha.

Anza na duara. Tengeneza pete ya uzi, fuma ndani yake vitanzi vifupi (single crochet) 6. Mzunguko wa pili, kila kitanzi kifume mara mbili, upate 12. Wa tatu, kimoja kifume mara moja na kinachofuata mara mbili, upate 18. Wa nne, viwili mara moja moja na cha tatu mara mbili, upate 24. Kila mzunguko unaongeza 6, na duara linalala bapa kama sahani. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha kwanza cha kila mzunguko, vinginevyo baada ya mzunguko wa tano hutajua umeanzia wapi. Duara likijikunja kama bakuli, kuna mahali umesahau kuongeza. Likifanya mawimbi, umeongeza kupita kiasi. Fumua mpaka mzunguko wa mwisho uliokuwa sawa. Anayejaribu kusawazisha kosa kwa mizunguko inayofuata huishia na kofia isiyomtosha mtu yeyote.

Ndani ya hesabu hiyo ndimo dawa ilimo. Huwezi kusema "moja, mbili, ongeza" na papo hapo ukapiga hesabu ya riba. Wasiwasi ukipenya, hesabu inapotea na duara linakuonyesha hapohapo. Unarudi, unahesabu tena. Hakuna anayekuhubiria uache mawazo. Kazi yenyewe inayakosesha nafasi.

Kuna jambo moja linalowavunja moyo wengi. Mtu mwenye msongo huvuta uzi kwa nguvu bila kujua, vitanzi vinabana, na kufikia mzunguko wa tatu sindano haipenyi tena. Anadhani hana kipaji, kumbe ni mabega. Shusha mabega, weka viwiko mapajani, na kwa siku za mwanzo tumia sindano ya milimita 5 kwa uzi uleule. Mkono ukizoea, rudi kwenye 4. Na aliyetoka kupanga madaraja ya tumbaku anawe kwa sabuni vizuri kabla ya kugusa uzi mweupe, maana gundi ya majani yale ikishika uzi ni shida kuitoa.

Kwa asiyependa sindano, kuna ukindu, majani ya mkindu ya kusukia mikeka. Shida yake ni ukavu: kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya hapa inakausha kila kitu, na jani kavu hupasuka kwenye kona. Loweka dakika 10 hivi, kisha liviringishe kwenye kitambaa chenye unyevu na uchomoe moja moja unapohitaji. Usilowekeshe kutwa nzima. Jani lililovimba kwa maji likikauka husinyaa, na ukili, yaani ule mkanda unaousuka, unabaki na mianya. Anza na majani 5 ya upana sawa, nusu sentimita hivi: la pembeni kushoto lipite juu ya jirani yake na chini ya linalofuata, lifike katikati, kisha la pembeni kulia lifanye vilevile. Ukili ukipinda kama mundu, unavuta upande mmoja zaidi ya mwingine. Jani likikaribia kuisha, lalisha jipya juu yake kwa urefu wa kidole kabla halijaisha, wala usiunge mawili mahali pamoja, maana hapo ndipo utakapokatika. Ukimaliza kwa siku hiyo, uanike kabla ya kuuhifadhi, la sivyo utaota ukungu.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Mtu akionekana anafuma tu, watu watamuuliza anauza bei gani. Semina za ujasiriamali zimetufundisha kwamba kila kipaji kigeuzwe pesa. Siwakatazi wenye kazi hiyo. Kuna familia zinakula kwa mikeka na vikapu. Lakini kazi uliyoichukua ili upumue, usiipeleke sokoni mapema. Ukishapokea oda ya vitambaa vya makochi vya harusi ya Jumamosi, umejiongezea mdai mwingine, na zile hesabu za vitanzi zinageuka hesabu za shilingi. Ipe angalau miezi sita isiyo na bei. Mpe mama mkubwa, mpe mtoto wa jirani, au fumua uanze upya.

Sasa hadithi. Kwa nini za mizimu na majini? Riwaya ya mapenzi humrudisha mtu kwenye ndoa yake, na ya siasa humrudisha ofisi ya kata. Jini aliyejificha kisimani hana uhusiano na mkopo wako. Zaidi ya hapo, hofu ya hadithini ina sura. Mashaka ya maisha hayana uso wala saa: yanaanza alfajiri, yanakatika, yanarudi usiku wa manane. Mzimu wa kitabuni unatokea ukurasa fulani, unataka kitu fulani, na sura inakwisha. Moyo unakwenda mbio, kisha unashuka. Mwili unapata zoezi la kushuka, na hilo ndilo aliyechoka kwa mawazo amelisahau.

Lakini si kila hadithi ya kutisha inafaa. Kipimo changu ni kimoja: ukishasoma kurasa 10, je, unaweza kusema kiumbe huyu anataka nini na nini hawezi kukifanya? Hadithi njema ya maajabu ina sheria. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952, ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku kwa amri ya jini, apende asipende. Adhabu ina chanzo, ina masharti, na msomaji anajua anachokisubiri. Hadithi ambamo jini anaweza lolote wakati wowote haitulizi mtu, kwa sababu inafanana mno na maisha yenye matatizo: pigo linakuja bila sababu.

Mwenye kuogopa usiku aanze na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha 1960. Mzimu upo kwenye jina na mahali pa mauaji, lakini mpelelezi Bwana Msa anafuata ushahidi hatua kwa hatua, na akili ya msomaji inatembea pamoja naye. Nagona ya Kezilahabi, ya 1990, ni kazi kubwa, ila iache mpaka kichwa kitulie. Haina njia iliyonyooka, na mtu aliyevurugika atapotea humo bila faida. Uliza maktaba ya mkoa pale mjini kabla ya kununua.

Simulizi za kwenye simu zinahitaji tahadhari ya pekee. Zimejaa Facebook na makundi ya WhatsApp, nyingine nzuri kabisa, lakini zimekatwa vipande, na kila kipande kinaishia pale mlango unapofunguka gizani: ITAENDELEA. Tuma buku, yaani shilingi elfu, upate sehemu ya kumi. Hiyo ni hofu isiyoshushwa, nawe unalala nayo. Subiri simulizi ikamilike, ndipo uisome. Hata kwenye kitabu, simama mwisho wa sura, tena saa nzima kabla ya kulala, na usisomee kitandani. Dakika 30 zinatosha.

Lipo jambo zito zaidi, na hapa kwetu halifai kurukwa. Mkoa wa Tabora, kama Shinyanga, umezika bibi wengi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yamechukuliwa kuwa ushahidi. Macho yale yanatokana na moshi wa kuni, miaka hamsini ya kupikia familia kwenye jiko lisilo na dirisha. Kwa hiyo naisoma kila hadithi ya uchawi nikiuliza: mchawi humu ni nani? Ikiwa kila mara ni mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake pembeni ya kijiji, hadithi hiyo inamsogezea jirani yako panga. Iweke chini, na usiwasomee watoto. Lipo jini la kisimani, mti unaosema, maiti anayedai haki yake, mtemi wa zamani anayerudi kuuliza nani ameuza msitu wake wa miombo. Maajabu yasiyomnyooshea kidole mtu aliye hai ni mengi kuliko tunavyoweza kuyasoma.

Aliyefiwa juzi asisome mizimu. Anayeamini kwa dhati kwamba amerogwa asisome pia, maana kwake hiyo ni taarifa, na kila ukurasa utampa ushahidi mpya. Hao wabaki na uzi, au hadithi za sungura na fisi. Na mtu ambaye usingizi umemkimbia wiki mbili mfululizo, hali chakula, au anafikiria kufa, hiyo haikai kwenye sindano wala kitabu. Aende kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, na asiende peke yake.

Kwa waliobaki, kuna hatua ya tatu ambayo wachache wanaijaribu: kuandika. Nunua kaunta buku moja, weka dakika 15, andika maneno 200 hivi, siyo zaidi. Chukua linalokusumbua uligeuze kiumbe. Deni, kwa mfano. Lipe jina, lipe sauti, sema linakaa wapi ndani ya nyumba. Kisha, na hapa ndipo kazi ilipo, lipe mipaka mitatu: kitu kimoja lisichoweza kukigusa, saa moja ambayo hulala, na neno moja linaloliogopa. Wengi hukwama kwenye mipaka. Wanaandika jini linalomeza kila kitu, wanafunga daftari wakiwa na hofu kuliko walivyolifungua. Ukikwama, anza na saa. Deni lako hulala saa ngapi? Hata la chama cha msingi cha ushirika halidai Jumapili asubuhi. Na jina la mtu halisi lisitumike, hata la unayemchukia.

Kuna namna ya kuunganisha yote haya bila gharama, na Tabora ina miembe ya kutosha kuifanya. Watu wanne au watano, mmoja anasoma kwa sauti, wengine mikono iko kazini. Ukurasa wa maneno 300 ukisomwa bila haraka unachukua dakika 3 hivi, kwa hiyo kurasa 10 zinakwisha kwa nusu saa, na hiyo mara nyingi ni sura moja. Msomaji asikimbie, wanaofuma wanahesabu huku wanasikiliza, na akikimbia wanapoteza kimoja kati ya viwili. Kazi ya jioni hiyo iwe nyepesi: ukili wa majani 5, au duara lililofika mizunguko isiyohitaji mawazo. Kushona ukili kuwa mkeka, au kuanza pete mpya, kubaki kwa siku nyingine. Jini likitokea, mikono yote itasimama kwa pamoja, na vitanzi kadhaa vitaruka. Sura ikiisha, kila mtu ahesabu mzunguko wake kabla ya kuondoka, na aliyesoma leo apewe sindano kesho.