Nani Alinituma Kwenye Siku ya Lishe?

Kosa langu lilikuwa moja tu: kukubali kwenda kwenye Siku ya Afya na Lishe ya mtaa badala ya mama watoto. Nilijua mtoto atapimwa mkono na ule utepe wa rangi, nirudi zangu kijiweni. Utepe ukasoma kijani, nikajiona baba bora Mbagala nzima. Ndipo mhudumu wa afya akafungua bango la makundi sita ya chakula.

Nafaka na mizizi, mbogamboga, matunda, jamii ya kunde na karanga, vyakula vya asili ya wanyama, mafuta. "Baba, jana usiku mlikula nini?" Ugali na matembele. "Makundi mawili hayo." Nikakumbuka yale mafuta ya kupima, ya jero, nikaomba nayo yahesabiwe. Akina mama wakaangua kicheko mpaka mtoto wangu akalia.

Sasa nyumbani hakukaliki. Chai ya rangi pamoja na chakula marufuku, eti inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Nisubiri saa nzima. Jamani, kiporo bila chai kinashukaje? Sembe nayo imefukuzwa, tunakula dona. Hapo ndipo paliponiuma. Miaka yote nimelipa hela mashineni mahindi yakobolewe, pumba nikamwachia mwenye mashine auzie wafugaji. Yaani virutubisho vyangu nalisha kuku, halafu kuku mwenyewe namwangalia bandani kama jamaa aliyefanikiwa!

Unga wa lishe ndio usiseme. Zamani tulisaga vyote pamoja: mahindi, ulezi, soya, karanga, hata dagaa. Sasa karanga zikae pembeni, maana zikichanganywa unga unaharibika upesi na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiko mbali. Zitwangwe siku ya kupika. Anayetwanga ni nani? Mzee mzima, tena kwa kinu cha kuazima.

Matunda tuyaache. Parachichi za Njombe zinapanda meli kwenda Ulaya, mimi hata kwenda Njombe sijawahi.

Nikapanda matembele kwenye viroba uani. Yalipostawi, jogoo wa mwenye nyumba akayamaliza asubuhi moja. Nikaenda kulalamika, nikaulizwa kodi ya mwezi huu iko wapi.

Jogoo mwenyewe huyo hapo dirishani, kanenepa, anawika. Mwanangu wa miaka minne anamnyooshea kidole: "Baba, asili ya wanyama!" Nimemwambia ashushe sauti.