Kikapu cha milulu si "nyasi tu"

Jumamosi iliyopita, sokoni, mteja mmoja alikishika kikapu cha milulu, akakigeuza juu chini, kisha akamwambia muuzaji kwa sauti ya kusikika: "Mama, nyasi hizi ndizo bei yote hiyo?" Mama wa watu hakujibu, alikipangusa vumbi kwa pindo la khanga na kukirudisha mahali pake. Neno lile limenikaa moyoni wiki nzima.

Milulu huota penye majimaji huko Iringa, na kabla haijawa kikapu ni lazima ikatwe, ibebwe, ianikwe hadi ikauke na ichambuliwe, kisha iloweshwe ili isikatike inapokunjwa. Msusi huanzia kwenye kitako, akipishanisha nyasi chache katikati; halafu huzungusha nyingine mbili mbili, moja ikipita mbele na ya pili nyuma ya kila unyasi uliosimama, zikipindana kabla ya kusonga mbele, mzunguko juu ya mzunguko hadi mdomoni. Kila hatua huikaza kwa kidole gumba, kwa maana akilegeza mahali pamoja tu, ubavu wote huenda upande. Niliwahi kuketi na bibi mmoja wa Kihehe aliyesuka bila kuitazama mikono yake, huku akinisimulia habari za msiba wa jirani. Nilipojaribu mimi, nusu saa ilinipatia mizunguko miwili iliyopinda na vidole vilivyochubuka. Bibi yule husuka jioni, akishatoka shamba, na jioni zake zote hizo hakuna anayezihesabu tunapoanza kuvutana bei.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mnunuzi naye ana watoto wa kulisha, na kwamba mchuuzi anayevifikisha vikapu Dar es Salaam ana nauli ya kulipa. Hata hivyo, nauli haipungui kwa kuombwa, ushuru wa soko haupungui, na kwa hiyo kila shilingi tunayoing'ang'ania hukatwa kwa yule aliye mbali, asiyekuwepo kujitetea.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, niliamini kwamba zamu ya kikapu imerejea. Tukakimbilia mifuko mbadala, ambayo mingi yake ni plastiki ile ile iliyofanywa ifanane na kitambaa, nayo huchanika mpini kabla mwezi haujaisha. Kikapu cha milulu hubeba unga, viazi na mkungu wa ndizi miaka nenda rudi, na bado tunakiita nyasi.

Nilikinunua kikapu kile kwa bei aliyoitaja yule mama. Nilipomuuliza kimesukwa na nani, alikipindua, akapitisha kidole kwenye kitako na kusema bila kusita: "Huyu ni dada yangu. Mkono wake naujua."